Tezi Dume, Korodani na Njia ya Mkojo: Kwa Nini Dalili Moja Haitoshi Kuutambua Ugonjwa

Mwanaume wa miaka 60 anayeamka mara nne kila usiku kwenda kukojoa huambiwa na karibu kila anayemsikiliza kwamba hiyo ni tezi dume. Huenda ni kweli. Lakini kuamka huko kunaweza pia kutokana na kisukari ambacho hakijagunduliwa, na moyo uliodhoofika hata maji yakajikusanya miguuni mchana na kurudi kwenye mzunguko wa damu anapolala, na dawa ya presha ya kuongeza mkojo inayomezwa jioni badala ya asubuhi, na kukoroma kunakoambatana na kukatika kwa pumzi usingizini, au na mazoea tu ya kunywa vinywaji vingi kabla ya kulala. Tabibu anayeandika dawa ya tezi dume bila kuuliza hayo anaweza kupatia kwa bahati, na anaweza vilevile kumwacha mgonjwa na kisukari chake kwa miaka mingine miwili.

Kipimo cha kwanza cha kutenganisha mambo hayo hakihitaji mashine. Kwa siku tatu mgonjwa huandika saa aliyokojoa, kiasi cha mkojo alichopima kwenye chombo chenye alama za mililita, na alichokunywa. Anayetoa mililita 400 kila anapoamka usiku ana kibofu kinachofanya kazi yake. Tatizo lake ni mkojo mwingi unaotengenezwa wakati usiofaa. Anayetoa mililita 80 kila mara ana kibofu ambacho ama hakimalizi kutoa mkojo uliomo, ama kinajikaza kabla hakijajaa. Watu hawa wawili wanalalamikia jambo moja kwa maneno yaleyale, na tiba zao hazifanani hata kidogo.

Huo ndio ugumu wa magonjwa ya mfumo wa mkojo na uzazi wa mwanaume kwa jumla. Viungo vyake vimeshikana kwa karibu, na vingine vinatumia njia moja, hivyo dalili chache hugawanwa na magonjwa mengi. Tena ukali wa dalili hauendi sambamba na hatari: mengi yanayosumbua sana hayaui, na baadhi ya yale yanayoua huanza bila maumivu yoyote.

Tezi dume yenyewe ni mfano mzuri. Iko chini kidogo ya kibofu, imeuzunguka mwanzo wa mrija wa kutolea mkojo, na kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya manii. Kwa kijana mzima huwa na ujazo wa takriban mililita 20. Kuanzia miaka ya arobaini sehemu yake ya ndani, ile inayopakana na mrija, huanza kukua chini ya ushawishi wa homoni za kiume. Kufikia umri wa miaka 60 karibu nusu ya wanaume huwa na mabadiliko hayo, na waliopita miaka 80 wengi wao wanayo. Ukuaji huu si saratani, na haugeuki kuwa saratani. Aidha ukubwa wa tezi hautabiri shida: kuna mwenye tezi ya mililita 90 anayekojoa bila taabu, na kuna mwenye tezi ya mililita 35 aliyezibwa kabisa, kwa sababu kinachoamua ni namna tezi inavyoubana mrija na jinsi misuli yake inavyokaza.

Ili kuzipima dalili, madaktari hutumia dodoso la maswali saba: mkojo hutoka kwa nguvu kiasi gani, hukatika katikati, humlazimu mtu kujikamua, humwachia hisia kwamba kibofu hakijaisha, na kadhalika. Kila swali lina alama 0 hadi 5. Jumla ya 7 au pungufu ni dalili ndogo, 8 hadi 19 ni za kati, na 20 hadi 35 ni kali. Kwa maoni yangu lililo muhimu kuliko yote ni swali la ziada mwishoni, linalouliza mtu angejisikiaje iwapo angeishi na hali hiyo maisha yake yote, maana mwenye alama 15 asiyesumbuka hahitaji tiba sawa na mwenye alama 12 asiyeweza tena kusafiri wala kukaa kwenye mkutano.

Baada ya hapo hufuata kupimwa kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Wako wanaume wanaoikimbia hospitali kwa miaka kwa ajili ya kipimo hiki kisichozidi dakika moja. Daktari hutafuta ukubwa wa tezi, ulaini wake, na zaidi ya yote kinundu kigumu upande mmoja, ambacho kinaweza kuwa saratani hata pale kipimo cha damu kinapokuwa kizuri. Mkojo hupimwa kuona kama kuna maambukizi, damu au sukari. Kipimo cha damu huonyesha hali ya figo. Ultrasaundi hupima mkojo unaobaki kibofuni baada ya mtu kukojoa, na pale kifaa kinapopatikana, kasi ya mkojo hupimwa pia: kasi ya juu isiyofika mililita 10 kwa sekunde huashiria kizuizi, au kibofu kilichochoka kusukuma.

Mwenye dalili ndogo anaweza kufuatiliwa tu, akipunguza vinywaji vya jioni, kahawa na pombe. Anayehitaji dawa kwa kawaida huanzishiwa za kulegeza misuli ya tezi na shingo ya kibofu, kama tamsulosini, ambazo huonyesha nafuu ndani ya siku chache. Zinaweza kuleta kizunguzungu mtu anaposimama ghafla, na kupunguza au kuondoa manii inayotoka wakati wa tendo, jambo lisilo na madhara kwa afya ingawa linamshtua asiyeambiwa mapema. Anayetarajia upasuaji wa mtoto wa jicho amwambie daktari wa macho kwamba anazitumia, kwa kuwa hulegeza pia misuli ya mboni. Kundi la pili, kama finasteride, hupunguza ukubwa wa tezi kwa takriban robo, lakini huhitaji miezi sita hivi, na hufaa tezi iliyo kubwa tu. Wengi huliacha mwezi wa pili wakidhani halifanyi kazi.

Upasuaji hufikiriwa dawa zinaposhindwa, au pale tezi inapoleta madhara: kuziba mara kwa mara, maambukizi yanayojirudia, mawe ya kibofu, damu isiyokoma, au figo kuanza kuharibika. Njia iliyozoeleka hupita ndani ya mrija wa mkojo bila kukata ngozi na kukwangua sehemu ya ndani ya tezi, na siku hizi mionzi ya leza hufanya kazi hiyohiyo. Baada yake wengi hukojoa vizuri, lakini kwa sehemu kubwa yao manii hurudi kibofuni badala ya kutoka nje. Anayetaka bado kupata mtoto lazima alijue hilo kabla ya kutia saini.

Mkojo ukiziba kabisa huku kibofu kimejaa na kuuma, tiba ni kuwekewa mpira wa mkojo mara moja. Wakati mwingine kisababishi ni dawa ya mafua yenye kubana mishipa ya pua au ya kuzuia chafya, iliyonunuliwa bila muuzaji kujua kwamba mnunuzi ana tezi dume iliyokua. Na si kila njia iliyoziba inatokana na tezi: kijana wa miaka 30 anayekojoa uzi mwembamba ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kovu lililousinyaza mrija, kutokana na kisonono cha zamani, ajali, au mpira wa mkojo uliowekwa kwa nguvu. Huyo dawa za tezi hazitamsaidia chochote. Hupigwa picha ya eksirei baada ya mrija kujazwa dawa inayoonekana kwenye picha, kisha kovu likarekebishwa.

Saratani ya tezi dume ni habari nyingine kabisa, na utata wake mwingi unatokana na mahali inapoanzia. Nyingi huota katika sehemu ya nje ya tezi, mbali na mrija, kwa hiyo kwa muda mrefu haibani mkojo wala haileti maumivu. Mtu anaweza kuwa nayo akakojoa vizuri, na mwingine akakojoa kwa shida kubwa asiwe nayo. Kungojea dalili, basi, ni kungojea hadi ugonjwa umekwisha kutoka nje ya tezi, na pengine umefika kwenye mifupa ya mgongo na nyonga.

Kipimo cha damu kiitwacho PSA kililetwa kuziba pengo hilo. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, iwe nzima au yenye saratani, na hapo ndipo wasomaji wengi wa majibu ya maabara hupotea. Huongezeka tezi inapokua kwa umri, inapopata maambukizi, mkojo unapoziba, baada ya kuwekewa mpira, na hata baada ya kumwaga manii siku moja au mbili kabla ya kipimo. Kiwango cha nanogramu 4 kwa mililita, kilichozoeleka kama mpaka, si ukuta: walio juu yake wengi hawana saratani, na baadhi ya walio chini yake wanayo. Anayetumia finasteride huwa na kiwango kilichoshuka karibu nusu baada ya miezi sita hadi mwaka, hivyo jibu la 3 kwake lisomwe kama 6. Jibu lililo juu kidogo, hasa kwa mtu aliyekuwa na maambukizi, hurudiwa baada ya wiki kadhaa kabla ya hatua nyingine yoyote.

Je, kila mwanaume apimwe? Miongozo mingi inashauri mazungumzo kati ya daktari na mgonjwa kuanzia miaka 50 hivi, na mapema zaidi, karibu miaka 45, kwa mwenye baba au ndugu aliyeugua na kwa wanaume weusi, ambao hatari yao ni kubwa zaidi. Kinachoshauriwa ni mazungumzo kwa sababu kipimo kinaokoa baadhi ya watu, na kinawagundulia wengine saratani ndogo ambayo isingewadhuru hadi wafe kwa sababu nyingine. Aliyegunduliwa ya namna hiyo na kufanyiwa upasuaji usio wa lazima amebadilishana wasiwasi na madhara halisi.

PSA ikibaki juu, au kidole kikikuta kinundu, hatua bora panapokuwa na uwezo ni picha ya MRI kwanza, kisha kuchukua vinyama vidogo kwa sindano kutoka maeneo yanayotiliwa shaka. Vinyama hivyo ndivyo vinavyothibitisha. PSA peke yake haithibitishi saratani. Mpatholojia, yaani daktari anayevichunguza vinyama kwa hadubini, huvipa daraja kwa mfumo ulioanzishwa na Donald Gleason katika miaka ya 1960: alama 6 ni ugonjwa mtulivu, 7 ni wa kati, 8 hadi 10 ni mkali. Mwenye alama 6 kwa kawaida hushauriwa kufuatiliwa kwa karibu, yaani kupimwa PSA, MRI na vinyama kwa ratiba, tiba ikianza tu ugonjwa unapobadilika. Wengi huliona hilo kuwa uzembe. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliofuatilia wanaume zaidi ya 1,600 wenye saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi ulionyesha kwamba baada ya miaka 15 takriban 3 kati ya kila 100 walikuwa wamekufa kwa ugonjwa huo, bila tofauti ya maana kati ya waliopasuliwa, waliopigwa mionzi na waliofuatiliwa, ingawa kwa waliofuatiliwa ugonjwa ulisambaa mara nyingi zaidi. Upasuaji na mionzi, kwa upande wao, vinaweza kuacha tatizo la kuvuja mkojo, usumbufu wa njia ya haja kubwa au uume kushindwa kusimama.

Kwa ugonjwa mkali ambao haujasambaa hesabu ni nyingine, na kuchelewa kunagharimu. Ukishasambaa, tiba hujengwa juu ya kuondoa homoni ya kiume, ugunduzi uliotangazwa mwaka 1941 na Charles Huggins na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Kwa sindano, vidonge au kuondoa korodani, homoni hushushwa na ugonjwa hurudi nyuma kwa muda, mara nyingi kwa miaka. Mgonjwa wa namna hii anayepata maumivu makali ya mgongo pamoja na miguu kulegea anahitaji hospitali siku hiyohiyo, kwani uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa.

Damu inayoonekana kwenye mkojo bila maumivu yoyote ni dalili ambayo ningependa ipewe uzito zaidi kuliko inavyopewa. Mtego wake ni kwamba hukoma yenyewe. Mtu huona mkojo mwekundu siku mbili, ukarudi kuwa wa kawaida, naye akashukuru na kusahau. Kwa mtu mzima, na hasa mvutaji wa sigara, hiyo huchukuliwa kuwa saratani ya kibofu hadi vipimo vionyeshe vinginevyo, na vipimo vyenyewe ni kamera nyembamba inayoingizwa kibofuni pamoja na picha ya figo na mirija yake. Kwa aliyeogelea au kufanya kazi kwenye maji yenye kichocho, mkojo hutafutwa mayai ya vimelea, na dawa ya praziquantel hutolewa. Lakini kichocho cha muda mrefu nacho huongeza hatari ya saratani ya kibofu, hivyo kupata mayai hakufungi uchunguzi kwa mtu mzima anayeendelea kutoa damu. Kadhalika kutumia dawa za kuzuia damu kuganda si maelezo ya kutosha, maana mara nyingi dawa hizo hufichua tu kidonda kilichokuwapo.

Jiwe la figo liko upande wa pili: huuma kupita kiasi na mara nyingi si hatari. Maumivu huanza ghafla ubavuni na kushuka kuelekea kinena, hata kwenye korodani, na mgonjwa hawezi kutulia mahali pamoja. CT skani huonyesha ukubwa na mahali lilipo. Lisilofika milimita 5 kwa kawaida hutoka lenyewe kwa dawa za maumivu na subira. Kubwa zaidi huvunjwa kwa mawimbi kutoka nje ya mwili, njia iliyotumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza München mwaka 1980, au kwa leza kupitia kamera. Jiwe linaloziba likiambatana na homa ni dharura, na mkojo lazima ufunguliwe njia kabla ya kulishughulikia jiwe lenyewe. Kuzuia lisirudi kunataka maji ya kutosha kutoa lita 2.5 za mkojo kwa siku na kupunguza chumvi. Kuacha maziwa, kama wengi wanavyoshauriana, ni kosa, kwa sababu kalsiamu ya chakula huishika oksaleti, kemikali ya chakula inayounda mawe mengi, tumboni isifike kwenye figo.

Kuhusu maambukizi nitasema machache. Usaha unaotoka uumeni kwa kawaida ni kisonono, klamidia au vyote viwili, na mwenzi asipotibiwa pamoja na mgonjwa, tiba imepotea bure. Tezi dume ikipata bakteria ghafla huleta homa, baridi na maumivu kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Tiba ni antibiotiki kwa wiki mbili hadi nne, na tezi haipaswi kukandwa wakati huo. Tofauti na hiyo ni maumivu ya nyonga yanayodumu miezi mitatu au zaidi pasipo bakteria yeyote. Wenye hali hii ndio wengi mno kati ya wanaoambiwa wana uvimbe sugu wa tezi, na hupewa kozi moja ya antibiotiki baada ya nyingine bila nafuu, ilhali kinachosaidia zaidi huwa ni mazoezi ya kulegeza misuli ya sakafu ya nyonga, dawa za maumivu, na kutibu msongo unaoyachochea.

Katika korodani swali la kwanza ni muda. Maumivu makali yanayoanza ghafla upande mmoja, mara nyingi yakimwamsha mvulana wa miaka 12 hadi 18 usingizini na kumtapisha, ni korodani iliyojisokota na kukata damu yake hadi ithibitike kuwa si hivyo. Ikifunguliwa ndani ya saa sita kwa kawaida huokolewa. Saa zinavyozidi nafasi hupungua, na baada ya siku nzima mara nyingi hutolewa ikiwa imekufa. Wavulana wengi husema tumbo linauma kwa kuona haya kutaja mahali penyewe, kwa hiyo mvulana anayeumwa tumbo la chini achunguzwe korodani pia. Ultrasaundi inayoonyesha mtiririko wa damu ni nzuri ikiwa karibu, ila kuingojea saa tatu huku dalili ziko wazi ni kuipoteza korodani kwa ajili ya picha. Daktari mpasuaji huifungua na kuishonea isijisokote tena, pamoja na ile ya upande wa pili. Maambukizi ya mirija ya mbegu, yanayofanana na hali hii, huja polepole zaidi, mara nyingi na homa au kuwashwa wakati wa kukojoa.

Uvimbe usiouma hauna haraka ya saa, ila una haraka ya siku. Ukiwa maji yaliyoizunguka korodani, yaani busha, mwanga wa tochi hupenya. Busha hutibiwa kwa upasuaji, kwani likifyonzwa kwa sindano kwa kawaida hurudi. Ukishuka kutoka tumboni na kurudi mtu anapolala, ni ngiri. Ukiwa kinundu kigumu ndani ya korodani yenyewe, hasa kwa mwanaume wa miaka 15 hadi 40, ni saratani hadi ikataliwe kwa ultrasaundi na vipimo vya damu vya AFP na hCG, vitu ambavyo uvimbe huo huweza kuvimwaga kwenye damu. Hapa hakuna kuchukua kinyama kwa sindano kupitia ngozi, kwa kuwa kunaweza kusambaza ugonjwa. Korodani hutolewa kupitia kinena. Jambo la kutia moyo ni kwamba saratani hii hupona kwa zaidi ya 9 kati ya wagonjwa 10, hata wengi ambao ugonjwa wao umekwisha kusambaa, kwa sababu ya dawa ya sisplatini. Mbegu zihifadhiwe kabla ya tiba kuanza.

Uume kushindwa kusimama hujadiliwa zaidi kuliko unavyopimwa. Ili usimame, mishipa ya fahamu hutoa naitriki oksaidi, gesi inayobeba ishara ya kulegea, misuli ya mishipa ya damu hulegea, damu huingia na kufungiwa humo. Mishipa ya uume ina kipenyo cha milimita 1 hadi 2, ilhali ya moyo ina 3 hadi 4, hivyo mafuta na kisukari vinavyoharibu mishipa huonekana kwanza kwenye ile myembamba. Mwanaume wa miaka 50 aliyeanza kupata tatizo hili polepole anaweza kuwa miaka miwili hadi mitano mbele ya ugonjwa wa moyo. Kumpa vidonge bila kumpima presha, sukari na lehemu ni kuzima taarifa iliyofika mapema. Kinyume chake, anayesimamisha vizuri alfajiri lakini akashindwa mbele ya mwenzi, tena kwa ghafla, ana uwezekano mkubwa wa kuwa na chanzo cha hofu, huzuni au mgogoro, naye hunufaika zaidi na ushauri. Dawa nazo zihesabiwe: baadhi za presha, na nyingi za sonona, huchangia.

Sildenafil, iliyoanza kuchunguzwa kama dawa ya maumivu ya moyo na kuidhinishwa Marekani mwaka 1998, huzuia kimeng'enya kinachozima ishara ya naitriki oksaidi. Haileti hamu, wala haifanyi kazi bila msisimko. Wengi wanaosema imewashinda waliimeza baada ya mlo mzito au waliijaribu mara moja tu. Kwa anayetumia dawa za naitreti za moyo inaweza kuua kwa kushusha presha ghafla. Hatari hiyohiyo imejificha kwenye dawa za asili za kuongeza nguvu: mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuta sildenafil iliyochanganywa humo bila kutajwa, kwa kiasi kisichojulikana. Uume ukibaki umesimama na kuuma zaidi ya saa nne, jambo linalowapata pia wenye selimundu bila dawa yoyote, ni dharura.

Katika utasa, mwanaume huchangia kwa karibu nusu ya wenza wasiopata mtoto, lakini mara nyingi mwanamke huchunguzwa miaka kadhaa kabla ya mumewe kutoa sampuli moja ya manii. Kipimo hufanywa baada ya siku 2 hadi 7 bila kumwaga, na hurudiwa kikiwa kibaya. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021 ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, asilimia 42 ziwe zinatembea, na asilimia 4 ziwe na umbo la kawaida. Viwango hivi vilitokana na wanaume ambao wenza wao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na ni vile ambavyo asilimia 5 tu ya wanaume hao walikuwa chini yake. Aliye chini yake kidogo, basi, si tasa, na aliye juu yake hana hakikisho.

Pasipo mbegu kabisa, FSH, yaani homoni ya ubongo inayoziamuru korodani kutengeneza mbegu, na ukubwa wa korodani husaidia kujua kama mbegu hazitengenezwi au njia imeziba. Aliyeziba anaweza kufunguliwa, au mbegu zikachukuliwa kwa sindano na kuingizwa moja moja ndani ya yai maabara, njia iliyoleta mimba za kwanza mwaka 1992. Kwa wenye mbegu chache hutafutwa mishipa iliyovimba juu ya korodani, inayoshikika kama kifurushi cha minyoo mtu akisimama. Iko kwa takriban wanaume 15 kati ya 100, karibu daima upande wa kushoto, ambako mshipa wake huingia kwenye ule wa figo kwa pembe kali. Inayoshikika kwa mkono, ikiambatana na manii dhaifu, huweza kupasuliwa kwa faida. Inayoonekana kwenye ultrasaundi tu haistahili kisu. Kwa kuwa mbegu huchukua siku 74 hivi kukomaa, matokeo ya tiba yoyote hupimwa baada ya miezi mitatu au zaidi.

Linabaki suala la testosteroni, linaloharibu kimyakimya. Mwanaume mchovu asiye na hamu hudungwa homoni hii, wakati mwingine bila kupimwa kiwango chake asubuhi mara mbili kama inavyotakiwa. Ubongo ukiiona imejaa kwenye damu huacha kuziamuru korodani kufanya kazi, na mbegu zinaweza kushuka hadi sifuri ndani ya miezi michache huku mwenyewe akijisikia mwenye nguvu kuliko zamani. Sindano ikiachwa mbegu kwa kawaida hurudi ndani ya miezi 6 hadi 12, kwa wengine zaidi. Anayetaka mtoto na ana upungufu wa kweli hupewa dawa zinazoziamsha korodani zake zenyewe, kama klomifeni au hCG, ambayo hutumika pia kama dawa, na daktari makini humuuliza swali hilo kabla ya kuandika chochote.